Subira na Ngoja Ngoja: Habari za Mgonjwa wa Tezi Dume Katika Tabata

Waswahili wana methali mbili zinazoonekana kupingana. Moja yasema kwamba subira yavuta heri. Nyingine yaonya kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Wafafanuzi wa methali wamezoea kusema kuwa kila moja ina mahali pake, kisha huliacha jambo hapo bila ya kuonyesha mahali penyewe ni wapi. Yapo maradhi yanayoonyesha mpaka baina ya methali hizi kwa uwazi kuliko mfano wo wote wa darasani, nayo ni saratani ya tezi dume. Mwanamume aliyekwisha kuambiwa na daktari kwamba anayo, na ambaye hajaanza kutibiwa, huishi siku zake zote katikati ya methali hizo mbili. Jirani mmoja humpa ya kwanza, jirani wa pili humpa ya pili, na mwenyewe hajui ashike ipi. Insha hii yakusudia kueleza maisha ya mtu wa namna hiyo katika Tabata, kitongoji cha Dar es Salaam, na kutafuta katika historia sababu za kungoja kwake.

Tabata iko upande wa magharibi wa mji, katika wilaya ya Ilala, mbele ya Buguruni kwa mtu atokaye bandarini. Majina ya vituo vyake yamehifadhi habari zake: Relini ni kwa ajili ya reli ipitayo hapo, na Dampo ni ukumbusho wa jalala kuu la mji. Katika miaka ya 1980 taka za Dar es Salaam zilitupwa na kuungua Tabata, moshi na uvundo ukaingia majumbani mwa watu. Wakazi waliishitaki Halmashauri ya Jiji, na mwaka 1988 Mahakama Kuu ikaamuru utupaji ukome. Halmashauri ikaomba muda, kisha ikaomba tena, na watu walioshinda kesi wakaendelea kuvuta moshi ule ule mpaka hapo taka zilipohamishiwa kwingine. Haisemwi hapa kwamba moshi huo huleta saratani ya tezi dume. Kisa hiki chatajwa kwa ajili ya funzo lake: baina ya hukumu na kutimizwa kwake upo muda, na katika muda huo wako watu wanaoamua na wako watu wanaovumilia. Mgonjwa naye, akisha kupewa jibu la kipimo, huingia katika muda wa namna hiyo.

Tezi dume ni tezi ndogo iliyo chini ya kibofu cha mkojo, nayo huuzunguka mwanzo wa njia ya mkojo. Mwanamume akizeeka, tezi hii huweza kukua pasipo saratani yo yote ndani yake, ikaibana njia, mkojo ukawa wa kukawia na kukatika, na mwenyewe akaamka mara nyingi usiku. Saratani nayo, ikisha kukua, huweza kuleta dalili hizo hizo. Lakini inapoanza aghalabu haina dalili hata moja. Neno saratani limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, mnyama wa pwani mwenye magando. Wayunani wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa katika lugha yao. Watu wa pwani wajua kwamba kaa huweza kukaa kimya ndani ya shimo lake kwa muda mrefu, na mpita njia asijue kuwa yumo.

Mtu mmoja mashuhuri aliyapata maradhi yote mawili, kwa nyakati mbalimbali. Mwaka 1985 Nelson Mandela, akiwa bado mfungwa, alipasuliwa katika hospitali mjini Cape Town kwa sababu tezi yake ilikuwa imekua. Haikuwa saratani. Waziri wa Sheria wa serikali iliyomfunga, Kobie Coetsee, alikwenda kumtazama hospitalini, na Mandela aliporudishwa gerezani aliwekwa mbali na wenzake. Katika upweke huo ndimo alimoanzia mazungumzo yaliyofika mwisho wake katika uhuru wa Afrika Kusini. Mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 83, alionekana kuwa na saratani ya tezi dume. Habari ilitangazwa hadharani, naye akatibiwa kwa mionzi kwa muda wa majuma saba. Aliishi baada ya hapo mpaka Desemba 2013. Barabara ipitayo penye mlango wa Tabata, itokayo bandarini kwenda Ubungo, ina jina lake. Kila mgonjwa wa Tabata aendaye hospitalini huivuka, na ni wachache wanaojua kwamba mwenye jina hilo aliwahi kuketi mahali wanapoketi wao.

Elimu ya tiba yenyewe ilichukua muda mrefu kuutambua ugonjwa huu. Mwaka 1853 daktari mpasuaji wa London, John Adams, alieleza habari za mgonjwa mmoja na kuyahesabu maradhi hayo kuwa ya nadra sana. Katika siku hizo wanaume wengi walikufa kabla ya kufikia umri wa kuyapata, na wengi waliokuwa nayo walidhaniwa kuwa na tezi iliyokua tu. Mwaka 1904 Hugh Hampton Young, huko Baltimore, aliitoa tezi yote pamoja na saratani yake. Mwaka 1941 Charles Huggins wa Chicago alionyesha kwamba saratani hii hulishwa na homoni za kiume, na kwamba homoni hizo zikizuiwa, ugonjwa hunyauka, hata ule uliokwisha kuenea mifupani. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Kisha, katika miaka ya 1980 na 1990, kilienea kipimo cha damu kiitwacho PSA, na saratani nyingi zikaanza kuonekana zingali changa.

Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo halikuwako zamani. Saratani nyingine za tezi dume hukua polepole sana, hata mwenye nazo huweza kufa kwa uzee au kwa maradhi mengine kabla hazijamdhuru. Je, yampasa mtu wa namna hiyo kukatwa na kuchomwa mionzi? Uingereza ilifanya uchunguzi mkubwa ili kulijibu swali hilo. Wanaume 1,643 waliokuwa na saratani ambayo haijatoka ndani ya tezi waligawanywa katika mafungu matatu: wa kwanza walipasuliwa, wa pili walipewa mionzi, wa tatu waliangaliwa tu kwa vipimo, wakatibiwa pale ilipoonekana haja. Matokeo ya miaka 15 yalitolewa mwaka 2023. Katika kila fungu, waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa kiasi cha watatu katika kila mia. Kungoja, kwa wagonjwa kama hao, kumekuwa njia mojawapo ya tiba. Lakini ni kungoja kwenye hesabu: damu hupimwa kwa miezi iliyowekwa, tezi huchunguzwa, na daktari anajua ni dalili gani itakayomfanya aseme, sasa basi. Hii ndiyo subira ivutayo heri.

Upande wa pili wa habari hauko katika maabara bali katika majengo. Hospitali ya Ocean Road, iliyo ufukweni mwa Dar es Salaam, ilijengwa na Wajerumani na kufunguliwa mwaka 1897. Ilikuwa hospitali ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa penginepo, katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo aliyefariki mwaka huo huo wa 1897. Jina lake lingali likitajwa katika jengo mojawapo la wodi za Muhimbili. Muhimbili yenyewe ilifunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret. Baada ya uhuru wa mwaka 1961 ubaguzi wa rangi ukaondoka milangoni mwa hospitali, lakini mashine ya mionzi haikuwako. Tiba ya saratani kwa mionzi ilianza Ocean Road mwaka 1980, na mwaka 1996 ikaundwa Taasisi ya Saratani Ocean Road inayojitegemea. Kwa miaka mingi hapo ndipo palipokuwa mahali pekee pa mionzi katika nchi nzima, kutoka Kagera mpaka Mtwara. Baadaye huduma hiyo ilianza pia Bugando, Mwanza, na mwaka 2018 Ocean Road ikapata mashine mpya za kisasa.

Nchi yenye mashine moja ina foleni moja. Jambo hili lilionekana wazi Uganda mwaka 2016, wakati mashine pekee ya mionzi ya taifa hilo, iliyokuwa Mulago tangu mwaka 1995, ilipoharibika hata isiweze kutengenezeka. Kwa zaidi ya mwaka mmoja mgonjwa wa Uganda aliyehitaji mionzi ilimpasa avuke mpaka au angoje. Ndiyo Kampala hiyo hiyo ambamo Denis Burkitt alieleza mwaka 1958 saratani ya watoto iliyokuja kujulikana duniani kwa jina lake. Elimu ilikuwako, uwezo wa kuitumia elimu ndio uliokwama katika chombo kimoja. Kungoja kwa namna hiyo hakukuandikwa na daktari ye yote. Hiyo ni ngoja ngoja, na matumbo inayoyaumiza ni ya watu.

Sasa na aangaliwe mtu wa Tabata katika siku zake za kungoja. Amekwisha kupimwa damu, amekwisha kuchukuliwa vinyama vya tezi kwa sindano, na jibu limekuja. Ameambiwa kuwa bado pana vipimo vya kuonyesha kama ugonjwa umetoka nje ya tezi, na kwamba baada yake wataalamu watakaa kuamua: kisu, mionzi, sindano ya homoni, au kuangaliwa tu. Bahasha ya majibu huwekwa kabatini, chini ya nguo za sikukuu, mahali ambapo watoto hawagusi. Simu ya mkononi haiachwi mbali tena. Hata msikitini au kanisani huzimwa sauti tu, kisha hutazamwa kwa siri, kwani huenda hospitali imeita.

Usiku wake umekatika vipande. Huamka mara tatu, mara nne. Mkewe huamka naye lakini hujifanya amelala, ili kumwondolea haya. Asubuhi, siku ya kwenda mjini, hunywa chai nusu kikombe. Daladala kutoka Segerea au Kimanga huweza kukwama Buguruni kwa muda mrefu, na mwenye tezi hana muda mrefu. Kwa hiyo huketi karibu na mlango, na kwa miezi michache hujifunza ramani ya mji ambayo hapo zamani hakuijua: choo cha stendi, choo cha msikiti, choo cha kulipia kilicho nyuma ya soko. Atakapoanza mionzi ataambiwa jambo lililo kinyume, kwamba anywe maji na kuyazuia, kwa kuwa kibofu kilichojaa husaidia kuweka matumbo mbali na mionzi. Wagonjwa waliotangulia humwambia habari hiyo huku wakicheka, naye hucheka pamoja nao. Na pengine hicho ndicho kicheko chake cha kwanza tangu alipopewa bahasha.

Jioni hutoka barazani. Vijana hupita wakimwamkia, "Shikamoo, mzee," naye hujibu, "Marahaba." Rika lake humwuliza, "Hujambo?" Hapo lugha yenyewe humfunga kinywa, maana Kiswahili kimempa jibu moja tu la adabu: "Sijambo." Maana yake ni kwamba hana jambo, na jambo analo. Wanaume wa barazani huzungumza juu ya mpira, juu ya bei ya saruji, juu ya kodi ya vyumba. Na siku wanapoitaja tezi dume huitaja kwa mzaha wa kipimo cha kidole, kipimo ambacho daktari hukifanya ili kuipapasa tezi. Mzaha huo una gharama. Mtu aliyecheka sana barazani huona aibu kwenda kupimwa kesho yake, na aliyekwisha kupimwa huona aibu kusema. Methali yasema kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Wote barazani waijua, na kila mmoja hudhani imetungwa kwa ajili ya mwenzake.

Ndani ya nyumba kuna hesabu nyingine. Nyumba za Tabata aghalabu zina wapangaji, na kodi ya chumba kimoja iliyowekwa kwa ada ya shule sasa yahesabiwa kwa vipimo na nauli. Mwenye kadi ya bima huuliza kadi italipa nini na haitalipa nini. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, lakini sheria, kama ile hukumu ya jalala, ina muda wake kabla ya kumfikia mtu kitandani. Mzee huanza kufanya mambo ambayo hakuyafanya zamani. Huziba bati linalovuja. Humwita mwanawe mkubwa na kumwonyesha hati ya kiwanja, akisema kwamba ni vizuri kuijua tu. Mke huyaona yote hayo, naye hujua kwamba mumewe azungumza juu ya kifo pasipo kulitaja neno lenyewe. Pengine siku hizo hizo hufika ndugu kutoka bara, naye ana barua ya rufaa kwenda hospitali hiyo hiyo. Hulazwa sebuleni, na nyumba moja huwa na wagonjwa wawili wangojao.

Liko jambo jingine ambalo huzungumzwa kwa nadra zaidi kuliko kifo. Sindano za kuzuia homoni, ambazo chanzo chake ni ule ugunduzi wa mwaka 1941, mara nyingi hutolewa miezi kadhaa kabla ya mionzi. Kwa hiyo wako wagonjwa wanaodhani kwamba wangali wanangoja, kumbe tiba imekwisha kuanza. Lakini sindano hiyo huondoa hamu ya mwanamume, humletea fukuto la mwili na uchovu. Mume asiyeelezwa hayo mapema hudhani uzee umemwangukia kwa siku moja. Mke asiyeelezwa hudhani ameachwa. Maelezo ya robo saa, yakitolewa kwa wote wawili pamoja, yangeiokoa ndoa na miezi ya ukimya.

Katika nafasi hiyo iliyo tupu ndimo wauza dawa wanamoingia. Hapana haja ya kuwacheka wanaowaendea. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kwa shilingi 500. Magari yalisimama katika foleni ya kilomita nyingi, watu wakalala njiani siku kadhaa, na wengine walikuwa wametoka katika vitanda vya hospitali au wameacha dawa zao. Kikombe hicho hakikuthibitika kuponya saratani. Hata hivyo historia ya Samunge yafundisha jambo moja: watu hawakukataa kungoja. Walingoja kwa siku nyingi, juani na vumbini, kwa sababu waliiona foleni, wakajua mwisho wake uko wapi, na kila mmoja aliweza kuyahesabu magari yaliyomtangulia. Wanachoshindwa kukivumilia binadamu ni kungoja kusikokuwa na idadi.

Hapa ndipo methali zile mbili zinapoweza kuwekwa kila moja mahali pake. Tofauti ya subira na ngoja ngoja haimo katika urefu wa muda, wala katika uimara wa moyo wa mgonjwa. Imo katika kujua. Mgonjwa aliyeambiwa ugonjwa wake umefika wapi, kwa nini hatibiwi leo, atapimwa tena lini, na dalili gani imrudishe upesi bila ya kungoja siku yake, huyo yumo katika subira hata akikaa mwaka mzima. Na mgonjwa asiyejua hata moja katika hayo yumo katika ngoja ngoja, hata kama ni majuma mawili tu. Tena yafaa ikumbukwe kwamba miguu iliyokufa ganzi ghafula, maumivu makali ya uti wa mgongo, au mkojo uliozibika kabisa, si mambo ya subira hata kidogo. Hayo ni ya kukimbilia hospitali siku ile ile.

Lakini historia yaongeza neno moja kwa upande wa wanaume wenyewe. Muda unaohesabiwa tangu siku ya bahasha ni sehemu fupi ya muda wote. Katika Afrika ya Mashariki wagonjwa wengi wa saratani ya tezi dume hufika wakati ugonjwa umekwisha kutoka nje ya tezi, na ule uchunguzi wa Uingereza, uliowapa watu ruhusa ya kusubiri, haukuwa juu ya watu kama hao. Mzee wa Tabata anayehesabu miezi miwili ya kungoja mashine aghalabu alikwisha kungoja miaka miwili barazani, akiamka usiku na kusema asubuhi kwamba hajambo. Muda wa kwanza serikali na hospitali zaweza kuupunguza kwa mashine na wataalamu. Muda wa pili hauna mashine. Askofu Desmond Tutu, aliyeonekana na ugonjwa huu mwaka 1997, hakuuficha, naye aliishi mpaka mwaka 2021, akiwa na miaka 90. Mandela hakuuficha. Hawakuwa na ujasiri wa kuushinda ugonjwa kwa maneno. Walisema tu, na kwa kusema walipunguza aibu ya wengine.

Asubuhi ya siku iliyoandikwa katika kadi, mtu wa Tabata huvaa shati safi na kwenda kituoni. Safari hii mkewe yuko pamoja naye, kwani daktari ameomba waje wote wawili. Rafiki yake wa barazani humwona na kumwuliza kama kawaida, "Hujambo?" Naye husimama kidogo, humtazama mkewe, kisha hujibu, "Ninalo jambo, ndugu yangu. Nikirudi jioni nitakueleza. Na wewe pia ukapimwe."